Rangi Chini ya Nati

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Mke wangu atakuambia, na ukimpa kiti atakuambia mpaka chai ipoe. Miaka ishirini na sita nafunga magurudumu ya pikipiki, spoku baada ya spoku, na mteja akirudi kulalamika namwuliza kwanza amepita barabara gani, amebeba nani, na huyo aliyembeba alikuwa na kilo ngapi. Kosa huwa la barabara, la abiria, la waliotengeneza tairi. Langu halionekani hata ukilitafuta kwa tochi. Basi hili moja acha niliseme, maana nikikaa nalo litanitoboa tumbo.

Binti yangu, kifungua mimba wetu, alisomea afya ya mifugo. Akamaliza, akapewa cheti, akarudi kukaa nyumbani. Mwaka wa kwanza tukasema riziki haina haraka. Mwaka wa pili hatukusema kitu. Alikuwa akiamka asubuhi anafagia uwanja usio na taka, kisha anakaa kibarazani na simu yake akisoma matangazo ya kazi. Mimi nikipita pale nakohoa tu. Ungemwambia nini mtoto aliyefanya kila alichoambiwa?

Ndipo barua ikaja. Watu wa kusambaza chanjo za mifugo walitaka wafanyakazi kumi na wawili, na jina lake lilikuwa la kumi na moja. Kwa yowe alilopiga, jirani yetu dereva wa teksi alitoka nje na povu la mswaki mdomoni akidhani tumeingiliwa na mwizi. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, afike kituoni kwao Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha. La pili, aende na pikipiki yake mwenyewe yenye tairi pana mbele na nyuma, kwa sababu njia za kule ni mchanga mtupu, na wataikagua kabla ya kumwandika.

Pikipiki tulikuwa nayo. Ilikuwa yangu, ya zamani, injini nzima, ila magurudumu yake yalikuwa membamba ya enzi zile. Kwenye mchanga ingezama kama kisu kwenye mkate. Tulikuwa na siku tisa.

"Baba, utaweza?" akaniuliza.

"Unamwuliza samaki kama anajua kuogelea?"

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu, na nikajisikia mkubwa kuliko nilivyo.

Sasa, tairi pana haikai kwenye ringi nyembamba. Ukiilazimisha itakaa, lakini itakaa kama mgeni asiyekaribishwa, na kwenye kona ya kwanza itakuonyesha mlango. Lazima ubadilishe ringi. Nilizunguka siku mbili kwa wauza vyuma chakavu nikapata ringi mbili pana, zimeliwa na kutu lakini hazijapinda, zina matundu thelathini na sita kila moja, sawasawa na vitovu vya magurudumu yetu. Spoku zilikuwa ndefu mno, nikazikata moja moja na kuzichonga upya hesi, ile mizunguko inayoshika nati. Ringi ya nyuma niliifunga kwanza kwa majaribio, na kutu yake, kwa spoku chache tu, nikavisha tairi nikaijaza upepo. Mafundi wengi hupima tairi ikiwa tupu, halafu ikijaa inavimba na kuanza kulamba mnyororo. Mimi hupima imejaa. Ilikuwa inagusa mnyororo kweli, nikajua niisogeze ringi milimita nne kulia. Kisha nikafungua kila kitu, nikampa mke wangu ringi zake mbili apige rangi.

Rangi si kazi yangu. Karakana yetu ni chumba kimoja, haina ukuta katikati, lakini mpaka upo na kila mtu anaujua. Upande wangu kuna grisi, spana na matusi. Upande wake kuna msasa uliopangwa kwa namba, kompresa iliyofunikwa kitambaa safi, na kijiko cha chai ambacho hakuna anayeruhusiwa kukorogea chai. Kijiko hicho ni cha kupimia dawa ya kukausha. Rangi tunayotumia haikauki peke yake. Unaichanganya na dawa, vijiko kadhaa kwa kopo, na ukipunja dawa rangi itaonekana imekauka juu huku ndani ni mbichi wiki nzima.

Alisugua kutu mpaka ringi zikawa nyeupe. Kisha akakaa kwenye stuli, akamega vipande vya mshumaa, akaanza kuviviringa kwa vidole, kimoja kimoja, na kuziba kila tundu la spoku. Matundu sabini na mawili. Alasiri nzima.

"Unatunga shanga?" nikamtania.

"Natunga akili. Kuna mtu humu ndani amepungukiwa."

Binti yetu akacheka tena. Lakini kazi ile si ya mchezo, na nieleze ili anayesikia asije akasema fundi mzee alipotoka kwa kutojua. Nati ya spoku inatakiwa ikae chuma kwa chuma. Rangi ikijaa tunduni, nati inakalia rangi. Pikipiki ikianza kutembea, ile rangi inasagika, panabaki nafasi, na spoku iliyokuwa imekaza inalegea. Ikilegea moja, jirani yake anabeba mzigo, naye analegea. Mwisho wake gurudumu linakwenda upande huu na mwenye pikipiki upande ule. Mambo haya mimi ndiye niliyemfundisha mke wangu mwaka tuliooana. Siwezi kusema sikujua.

Ijumaa ringi zote mbili zilikuwa tayari, zimetundikwa ukutani, kijivu kizuri cha kukolea. Binti alizigonga kwa kifundo cha kidole akasema, "Mama, hii wataikagua wamevua kofia." Siku hiyohiyo nilikuwa nimemfokea mke wangu kwa sababu aliacha kopo la tina ya kuyeyushia rangi wazi, nikamwita mzembe mbele ya wateja wawili. Alifunika kopo akaendelea na kazi zake.

Jumamosi asubuhi akaenda kumtazama wifi yake aliyejifungua. Binti akaenda madukani kutafuta koti la mvua. Nilifunga gurudumu la mbele likakamilika salama. Nikaenda kuitungua ringi ya nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika simu nabishana na mteja, nikimwambia kosa ni la barabara. Ringi ikaniponyoka. Ikagonga sakafu ya saruji, ikaruka, ikagonga tena.

Rangi ilikuwa imebanduka kipande cha urefu wa kidole, mpaka chuma kinaonekana.

Mtu mwenye akili angekaa chini, amsubiri mke wake, aseme: imenianguka. Mke angeirudishia rangi siku hiyo, ingekauka kwa kipimo chake, na kama muda haukutosha tungetafuta njia. Mimi nikaona sura yake atakapoingia. Asingesema kitu, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mzembe niliyemwita jana angeniangalia tu, kisha aangalie sakafu. Nikasema, potelea mbali, rangi ni rangi, nimeitazama ikipigwa miaka ishirini.

Nikaipiga msasa ringi nzima. Vizibo vya mshumaa vilikuwa vimeshatupwa, na kuviringa thelathini na sita vingine ningekeshea huko, nikasema vizibo vya nini. Kijiko sikukiona, kumbe kilikuwa mahali pake, ila mimi sikujua mahali pake ni wapi. Nikapima dawa kwa jicho. Nikapuliza mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu, nene, ili isionekane ilipoanguka. Nikaitundika juani. Saa tisa nikaigusa, haikunata kidoleni. Nikaifunga.

Niliifunga vizuri, Mungu ni shahidi. Mimi nakaza spoku kwa sikio. Unaigonga kwa spana, iliyokaza inalia sauti nyembamba, iliyolegea inaguna. Unakwenda ukizunguka mpaka zote thelathini na sita zilie sawa. Zililia sawa. Jioni mke wangu akaingia, akaizungusha ringi, akaitazama mpaka iliposimama.

"Imekaa vizuri," akasema.

"Ahsante," nikasema.

Mteja yeyote nikimfungia gurudumu namwambia: tembelea siku moja, kisha rudi nikukazie tena. Sijawahi kumruhusu mtu kwenda safari ndefu kabla ya hapo. Lakini Jumapili yote ilimezwa na breki na madigadi ya nyuma iliyokataa kukaa, binti amenishikia tochi chini ya pikipiki tangu asubuhi, anaimba. Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro robo, akawasha. Kilomita mia mbili na arobaini. Mama yake akamfunga koti shingoni kama mtoto wa chekechea. Mimi nikampa spana ya spoku aiweke kwenye mkoba wa vifaa.

"Ya nini, baba? Si umefunga wewe?"

"Weka," nikasema.

Akaondoka. Mke wangu akafuta macho kwa ncha ya khanga, tukaingia kazini.

Ilikuwa kama saa mbili kasoro hivi. Mke wangu alikuwa anasafisha upande wake, mara nikamsikia anaguna.

"Nani amegusa mashine yangu ya kupulizia? Imeziba. Na hili tone mezani, tone gani hili?"

Akalibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama.

"Umepaka nini wewe?"

"Kiti cha mteja," nikasema. "Juzi."

"Umepima dawa kwa nini, kwa njiti ya kiberiti? Hii bado mbichi. Siku mbili!"

Akalikwangua, akalitupa, akaendelea kufuta. Mimi nilibaki nimesimama na spana mkononi. Kama tone dogo lililokaa wazi siku mbili lilikuwa bichi, basi ile niliyoibana chini ya nati, mahali upepo haufiki, ilikuwa uji. Na mwanangu alikuwa juu yake kwa saa mbili.

Nikatoka nje kumpigia. Inaita, haipokelewi. Anaendesha, simu iko mkobani. Nikapiga tena. Nikapiga mara tisa. Nikaangalia uwanja wa karakana: pikipiki sita za wateja zilikuwa pale, na zote sita zimesimamishwa juu ya matofali, magurudumu yamo ndani yamefumuliwa. Fundi wa magurudumu, na sina gurudumu hata moja la kunipeleka mahali. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia hapo.

Nikamkimbilia jirani yangu mwenye teksi. Alikuwa ameinama kwenye boneti.

"Twende tumfuate binti," nikasema.

"Kasahau nini?"

"Hajasahau kitu. Twende tu."

Akanitazama. "Jirani, ametangulia kwa saa mbili. Nitamkamata kwa mabawa? Halafu hii nayo," akapiga boneti, "imevuja maji yote usiku kucha. Mpigie simu, atasimama mahali anywe chai."

"Hapokei!"

"Basi anaendesha vizuri. Akili ya kutopokea simu barabarani ni madereva wangapi wanayo?"

Nikarudi. Nikakaa juu ya tairi kuukuu mlangoni. Nikaanza kuhesabu, maana fundi hawezi kujizuia: kilomita thelathini za kwanza lami ni nzuri, spoku zinakaa. Kilomita sitini, kuna yale matuta, rangi inaanza kusagika. Baada ya themanini kuna mteremko wenye kona mbili, na malori. Nikasimama. Nikakaa. Mke wangu akachungulia mara mbili, akanitazama, akarudi kwenye msasa wake.

Saa mbili na nusu simu ikalia. Nilikaribia kuiangusha.

"Baba, mkia wa pikipiki unacheza. Unakwenda kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Nimesimama."

"Uko salama? Umeumia?"

"Sijaumia. Nimeteremka ule mteremko mkubwa, hapa chini ndipo nimesimama. Kwenye kona ya pili nilidhani ndiyo basi, baba. Lori lilikuwa linakuja."

Mke wangu akaja akanipokonya simu, akaweka sauti kubwa, akaishika katikati yetu.

"Tazama spoku," nikasema.

Tukamsikia akichuchumaa, akihema. "Zimelegea. Baba, kuna rangi imetoka chini ya nati. Inavutika kama ulimbo. Mama, hukuziba matundu?"

Mke wangu alinyanyua uso akanitazama. Alitazama mikono yangu, akatazama pale mezani alipolikwangua lile tone. Mke wangu si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili, na hili hakuelezwa hata mara moja. Nilifungua mdomo.

"Nilisahau, mwanangu," akasema yeye kwenye simu. "Nisamehe. Msikilize baba yako, atakuelekeza."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini haikuwa na nafasi siku hiyo. Nilielewa alichofanya. Mtoto yuko peke yake kando ya barabara na gurudumu linalomkana, na kitu pekee alichonacho ni sauti yangu. Hakutaka aipoteze hiyo. Akalibeba kosa langu kama anavyobeba ndoo, bila kulalamika, na mimi nikamwacha alibebe.

"Zigonge moja moja," nikasema, "nisikie."

Akazigonga. Sikusikia kitu. Nilisikia upepo, nikasikia gari likipita, kisha kimya kikavu. Simu za siku hizi zina akili ya kuchuja makelele, na kwa akili yao spoku ni makelele. Nikaibana simu sikioni, nikaziba sikio la pili.

"Gonga tena. Kwa nguvu."

"Nagonga, baba. Husikii?"

"Sisikii."

Miaka ishirini na sita sikio hili ndilo lililonilisha. Nikalipeleka huku, nikalipeleka kule, hakuna kitu.

"Mimi nasikia," akasema. "Kumi na nne zinaguna. Nyingine zinalia, lakini si sana."

Basi tukafanya hivyo, yeye akisikia, mimi nikisema. Nusu mzunguko hapa, robo pale, ruka moja, nenda upande wa pili, rudi. Anarudia kila neno kabla ya kulifanya, kama alivyofundishwa shuleni. Ilichukua dakika ishirini na tano.

"Zote zinalia," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa na furaha. "Saa tatu imefika. Nikikimbia nawahi. Naondoka."

"Ngoja. Usikimbie. Kila kilomita kumi usimame, uzigonge zote upya."

"Kila kumi? Baba, zimebaki mia moja na hamsini! Nitafika saa ngapi?"

"Simama kila kumi."

"Baba." Alikuwa anacheka, ndiyo, anacheka, ananibembeleza mimi. "Rangi ya mama imeshasagika, imetoka. Zilizobaki ni nati ulizokaza wewe, kwenye gurudumu ulilofunga wewe. Kazi yako huwa hairudi. Unasema kila siku."

Ni kweli nasema kila siku. Sasa maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamempandisha mwanangu kwenye ile pikipiki, na yalikuwa yanampeleka. Nikasikia injini ikiwaka. Mke wangu akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Zima," nikasema. "Zima! Rangi niliipiga mimi."

Injini ikazimwa.

"Nini?"

"Ringi ilinianguka Jumamosi. Nikaipiga rangi upya, mimi. Mama yako hakuwepo. Mama yako aliziba, aliziba matundu yote, wewe si ulimwona. Ni mimi."

"Vizibo uliweka?"

"Sikuweka."

"Dawa ulipima?"

"Kwa jicho."

"Na mama alijua?"

"Amejua sasa hivi, kama wewe."

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya, kelele nazijua. Aliongea polepole, kama anasoma barua kwa mtu asiyejua kusoma.

"Jana tulishinda wote, baba. Nilikushikia tochi siku nzima."

"Ndiyo."

"Hizi nati nilizokaza sasa hivi, zitakaa au hazitakaa?"

Nikataka kusema zitakaa. Nikataka kusema hazitakaa. Ningejua rangi imebaki kiasi gani mle ndani ningesema. Ningeisikia hata spoku moja ningesema.

"Sijui, mwanangu."

"Hujui."

"Sijui."

"Umeniambia nisimame kila kumi. Kumi umeitoa wapi?"

Sikuwa nimeitoa popote. Nilitaja tu namba, ili niwe nimesema kitu.

"Basi nimsikilize nani?" akasema, na hapo sauti ikamkatika. "Mama kasema kasahau, kumbe hakusahau. Wewe umesema umefunga. Niko peke yangu hapa, nimsikilize nani?"

Mke wangu akaivuta simu kwake. "Shuka, mwanangu. Shuka kabisa. Sogea pembeni, mbali na barabara. Lori lolote linalorudi huku, lisimamishe."

"Mama, kazi."

"Najua."

"Mama, miaka miwili!"

"Najua, mwanangu. Shuka."

Tukamsikia akilia. Mimi nilisimama pale, mikono imening'inia.

Saa nne niliwapigia wenye kazi. Namba ilikuwa chini ya barua. Akapokea binti mmoja mwenye adabu zake, akanisikiliza mpaka mwisho, nikamweleza yote, hata rangi, hata dawa, mambo ambayo hakuyauliza. Akasema, "Pole sana, mzee. Lakini orodha ni ndefu, na wenzake wameshafika." Nikamwambia kosa ni langu, si lake. Akasema anaelewa. Nikamwambia tena. Akasema, "Mzee, kuna simu nyingine inaingia."

Nilimwambia mke wangu, "Nifokee basi." Akasema ana ringi ya mteja inamsubiri, akachukua msasa.

Lori la mbao lilimleta saa kumi na nusu. Jirani mwenye teksi alitusaidia kuishusha pikipiki, akaanza kutania, akaona nyuso zetu, akakumbuka ana safari. Binti alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaenda kuoga. Akala. Akatoka na nguo safi, akakaa kwenye stuli ya mama yake, akaanza kulifungua gurudumu la nyuma mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, nikaona heri nisubiri niitwe. Sikuitwa. Alilitoa, akaliegemeza mezani, akalipangusa tope kwa kitambaa.

"Niliwapigia nikiwa kwenye lori, wamesema huenda wakaita watu tena," akasema. "Hawajui lini. Nataka iwe tayari."

"Kesho asubuhi nalifumua lote," nikasema upesi. "Mama yako ataipiga rangi, tutasubiri siku zake zote, nitali..."

"Baba," akasema, taratibu, kwa heshima zote. "Hapa mjini kuna fundi mwingine wa spoku?"

Yupo. Yuko nyuma ya kituo cha mabasi, ana mlango wa bluu, na kwa miaka tisa nimewaambia wateja kwamba yule hawezi kufunga hata kamba ya kiatu.

"Yupo," nikasema. Nikamwelekeza: apite kituo, akate kushoto penye duka la vioo, mlango wa tatu. "Ana mkono mzuri."

"Ahsante."

Alilibeba begani. Lilikuwa zito, tairi pana haina mchezo, akayumba kidogo kabla ya kulipata sawa. Nikaona nimsindikize angalau kwa neno.

"Mwambie ni mimi niliyekutuma."

Akasimama mlangoni, akafikiri. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Afadhali nisimwambie, baba," akasema. "Akisikia umelifunga wewe, hatalikagua."